Nyuki wa Wimbo wa Nane

Naomba niseme mwenyewe, maana jamaa yangu ameshanitangulia kuwasimulia jinsi CD ya kwaya niliyorekodi ilivyoniaibisha kanisani siku ya uzinduzi. Najua stori imewafikia, kwa sababu hata muuza maji wa pale kituoni leo asubuhi kaniuliza, "Prodyuza, chipsi zimeiva?"

Turekebishe kwanza. Sikurekodi kwaya jikoni. Waliokimbia ni benchi moja tu, si kanisa zima. Na suti haikuwa ya kuazima, ilikuwa ya shemeji, na shemeji ni ndugu.

Haya. Studio yangu mnaijua, ile ya Mbagala yenye trei za mayai ukutani. Kwaya ilikuwa na nyimbo nane za kuingia kwenye CD, kwa sababu siku ya uzinduzi mgeni rasmi lazima ashike kitu mkononi. Huwezi kumkabidhi mgeni rasmi linki. Nyimbo saba nilizimaliza mchana, akili timamu, tumbo limeshiba. Ikabaki wa nane, na wa nane ndio roho ya albamu: wanaanza kwa sauti zote, kisha wanashuka, wanashuka, mpaka wanabaki kuvuma kwa midomo iliyofungwa, kama sekunde 40, sauti ya kwanza peke yake ikiyeyuka mwishoni. Mwalimu wa kwaya aliniambia, "Hapo mwisho watu watalia." Hakukosea sana.

Huyo mwalimu ndiye wa kwanza kunionya, ingawa hakujua kama ananionya. Nilimweleza kwamba tumerekodi kwa biti 24 na CD inataka biti 16 (biti hizi ni kipimo cha kompyuta cha ngazi za sauti). Akanitazama kwa huruma. "Kijana wangu, sisi ni kwaya ya kanisa. Biti waachie wa Bongo Fleva. Sisi kinanda kinatosha." Nikamwambia biti hii siyo ile. Akasema kama ni ile ya kumpiga mtu biti, ndiyo kabisa, haifai madhabahuni. Nikaona nisimchoshe mzee wa watu, nikasema, "Sawa mwalimu, biti hazitakuwepo." Unabii ule, jamani.

Sasa usiku wa kuamkia uzinduzi. Kitufe cha sauti cha spika zangu kimekufa tangu Pasaka, kimenasa juu kabisa, nimekishikiza kwa njiti ya kiberiti. Mwenye nyumba akagonga ukuta mara moja. Akagonga mara mbili. Akigonga ya tatu huwa anakuja na mkataba. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote: nikashusha fida ya masta, kile kitelezi cha sauti ya wimbo mzima, ndani ya programu. Nikaishusha haswa, desibeli 42 (ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), nikawa nafanya kazi sikio limegusa spika kama daktari.

Saa tisa usiku nikamaliza. Umeme ulikuwa umeshakatika mara mbili na laptopu imebaki na chaji ya kubembeleza. Nikatoa faili. Dirisha likafunguka, likauliza: biti ngapi? 16. Sampuli za sauti kwa sekunde? 44,100. Ditha? Kulikuwa na kisanduku kina alama ya vema, nikaiondoa.

Nisikilizeni kwanza, msianze. Nilichokuwa najua mimi kuhusu ditha ni kwamba ni kelele. Ndivyo ilivyo, ni kelele unazotia kwa makusudi. Nikajiuliza, mtu mwenye baba na mama anatiaje kelele kwenye nyimbo za Bwana? Nikajiona mjanja kuliko waliotengeneza programu.

Fida ya masta nikaiacha palepale chini.

Faili likatoka, nikalifungua, mawimbi hayaonekani. Mstari mwembamba kama uzi wa fundi cherehani. Mtu mwenye akili angerudi kwenye mradi, angepandisha fida, angetoa upya. Mimi nikaangalia chaji, nikaangalia saa, nikabonyeza "nomalaizi", kitufe cha kukuza sauti ya faili mpaka ukomo wake. Mawimbi yakavimba kama maandazi kwenye mafuta. Nikasikiliza sekunde 20 za mwanzo kwa spika ya simu, kwaya yote inaunguruma, tamu kabisa. Nikachoma CD, nikalala na amani ambayo sistahili.

Nilichofanya nimekuja kukielewa Jumatatu, nikiwa nimejifungia ndani. Biti 16 ni ngazi 65,536 za sauti, ndiyo kanuni ya CD tangu Philips na Sony waiweke mwaka 1980. Kila desibeli 6 unazoshusha, unaacha biti moja bila kazi. Mimi nilishusha 42. Piga mwenyewe: biti 7 zimekwenda na maji, zimebaki 9, yaani ngazi 512. Kupandisha baadaye hakurudishi kitu, unakuza tu ulichobakiza, na mikwaruzo yake. Ni kama kupiga picha ndogo ya pasipoti kisha kuichapisha iwe bango la barabarani.

Na hiyo ditha niliyoifukuza kazi yake ni hii. Tuseme konda anatakiwa akurudishie chenji ya 50 kila siku, na mkobani ana sarafu za 100 tu. Konda wa kwanza kila siku anakwambia "hamsini sina, shuka." Unaliwa kila siku, na unaliwa kwa mpangilio. Konda wa pili anarusha sarafu: leo anakupa mia nzima, kesho hakupi kitu. Mwisho wa mwezi hesabu inakaribiana. Ditha ni huyu wa pili. Unatia kelele ndogo mno za kubahatisha kabla ya kukata biti, mara moja tu, mwisho wa kazi, ili makosa ya kukata yasiambatane na wimbo. Sikio linapata kaupepo kembamba badala ya mikwaruzo inayocheza sambamba na waimbaji. Kwa fida niliyoiacha kule chini, ningeiweka ditha ningepata CD inayovuma kama kaseti. Lakini kwenye kaseti watu wameokoka miaka na miaka. Hakuna aliyekimbia.

Turudi kanisani. Jumapili, saa nane na nusu mchana. Maturubai nje, akina mama jikoni na sufuria za pilau, ndani watu wamebanana. MC akasema, "Prodyuza wetu asimame tumwone." Nikasimama na suti ya shemeji. Makofi. Ningekaa hapo hapo pengine ningesahaulika, ila nikapunga mkono. Nilipunga mkono, jamani, kama mgombea.

Mgeni rasmi akakata utepe, akanunua CD ya kwanza kwa bei ambayo hata mimi ilinitisha, akachukua kipaza sauti. Akasema ameambiwa kuna wimbo wa nane. Angependa tuusikilize kwa utulivu, tukiwakumbuka waliotutangulia. Mama mlezi wa kwaya akawa tayari na leso. Watoto wakanyamazishwa kwa macho.

Wimbo ukaanza. Ulianza vizuri! Hilo jamaa yangu halisemi. Dakika tatu nzima watu wanatikisa vichwa, mimi bado nimesimama, sijui kwa nini sikukaa. Kwaya ikishaimba kwa nguvu hivyo, ngazi 512 zinajificha nyuma ya sauti kama mdaiwa nyuma ya mlango.

Kisha wakaanza kushuka.

Nikasikia kitu. Kidogo. Tss. Nikajua ni spika. Kwaya ikashuka tena, na kile kitu hakikushuka nayo. Tsss-krr. Na hapa sasa, fundi wa mikseri, kijana mwema, mwenye nia njema kuliko watu wote mle ndani, akaona wimbo unapotea na mgeni rasmi anainamisha sikio. Akapandisha fida. Mimi nipo upande wa pili wa kanisa namwonyesha kwa mkono ashushe. Yeye akadhani namwambia aongeze. Akaongeza.

Kanisa zima likajaa sauti ya mafuta ya moto. Si ya kufananisha, ni mafuta yenyewe, na mtu ametumbukiza viazi vyenye maji. Mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia mama mmoja wa jikoni, mwiko mkononi, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka madhabahuni: "Nani kaanza kukaanga na mimi bado sijasema?"

Mgeni rasmi akafumba macho. Nafikiri alikuwa anaomba. Au anacheka, sijapata ujasiri wa kuuliza.

Ikabaki sauti ya kwanza peke yake, ile ya kuyeyuka. Na ikiwa imebakiwa na ngazi kama nne, kisha mbili, sauti ya binadamu haiwezi kupinda tena. Inakuwa ni juu-chini, juu-chini, kama swichi. Binti wa watu mwenye koo la malaika akageuka kuwa zzzzzzZZZzzz. Inakatika. Inarudi. Zzzzz. Inakatika. Na fundi, Mungu ambariki, anaongeza.

Mtoto mmoja benchi la nyuma akapiga kelele: "Mama, nyuki!"

Wale mnaotoka vijijini mnajua neno hilo likisemwa kwenye mkusanyiko. Mzee mmoja wa kanisa akavua koti akajifunika kichwa bila kuangalia juu hata mara moja. Benchi lake likafuata mlango wa nyuma. Mmoja alikanyaga keki. Mwalimu wa kwaya hakukimbia. Aligeuka taratibu, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, rahisi tu maana ndiye pekee niliyekuwa nimesimama na suti. Midomo yake ikasema neno moja lisilo na sauti. Nililisoma vizuri. "Biti."

Halafu wimbo ukaisha ghafla, kap, kama mtu amefunga mlango. Kimya. Na katika kimya kile, jamaa yangu, rafiki wa miaka kumi, mtu niliyemwalika mwenyewe na kumtengea kiti, akapiga makofi.

Mengine ni kawaida tu. CD 200 nikazikusanya nikazivunja, nikarudia wimbo kwa gharama zangu, fida kwenye sifuri, biti 24 mpaka dakika ya mwisho, ditha mara moja. Kitufe cha spika nimenunua. Kwaya imesamehe, kikao kilichukua saa tatu. Faili lile nikalifuta kwa hasira, mpaka kwenye kapu la taka. Jumapili iliyofuata wimbo mpya ulipigwa, ukayeyuka mpaka mwisho bila tatizo, ila yule mzee alikaa karibu na mlango na koti hakulivaa, alilipakata.

Sasa mniambie nifanyeje na hili. Jana usiku kanipigia kijana mmoja anarap, kasikia klipu ya sekunde tano aliyoirusha jamaa yangu. Anataka ile sauti ya nyuki, safi, yote, aiweke kwenye biti yake. Anatoa hela ya maana. Nakala pekee iliyobaki duniani ni ile aliyoinunua mgeni rasmi, na aligoma kuirudisha.

Nani ana namba yake?