Bata bukini elfu hamsini na mwavuli mmoja

Nina picha 412 za asubuhi ile zinazofanana na mto wa sufi uliopasukia kwenye feni. Nina nyingine 600, za kamera ya pili, na hizo ni za mwavuli. Bata bukini wenyewe, ambao kwa makisio ya watu waliokuwapo hawakupungua elfu hamsini, wamo humo humo, ukielekezwa pa kutazama.

Mahali penyewe ni Middle Creek, jimbo la Pennsylvania, Marekani, mpakani mwa kaunti za Lancaster na Lebanon. Kila mwaka barafu ya ziwa ikianza kulegea, mwishoni mwa Februari hivi, bata bukini weupe waliopitisha majira ya baridi karibu na pwani ya Atlantiki hutua hapo. Hulala ziwani, mchana hutawanyika kwenye mashamba ya jirani kuokota masalia ya mahindi na kung'oa ngano changa, halafu wanaendelea kaskazini mpaka Aktiki wanakotaga. Mwaka 2018 walikadiriwa kufika 200,000 kwa mpigo. Na mwanzoni mwa karne ya 20 ukoo huu wa pwani ya mashariki ulikuwa umebaki elfu chache tu! Baadaye walizidi mpaka wakawa wanakwangua malisho yao wenyewe huko Aktiki, na serikali ikatoa msimu wa ziada wa kuwawinda.

Hayo yote nilimweleza mjomba ndani ya gari, saa tisa na nusu usiku, tukitoka Philadelphia. Mjomba alikuwa amekuja kutoka Tanga kunitembelea. Amevua samaki miaka arobaini na kitu, na alikuwa hajaona sababu ya mtu kuamka saa hizo kwa kitu asichokwenda kukivua.

"Na wenyewe ni nani?" akauliza.

"Hawana mwenyewe, mjomba."

"Elfu hamsini. Hawana mwenyewe." Akanyamaza mpaka tulipofika.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeegesha, nyuzi 6 chini ya sifuri, tunatembea njia ya Willow Point kuelekea ukingoni. Huwaoni gizani. Unawasikia, na ni kelele ya soko zima la samaki mnada ukiwa umekolea. Wenye tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, walikuwa wameshajipanga, kila mmoja na nguo za rangi ya majani makavu. Mjomba alikuwa na koti langu la buluu juu ya kanzu, kofia ya kiua, na mkononi mwavuli aliokuja nao kutoka nyumbani. Nilimwambia hakuna mvua. Akasema ng'ambo si kwao, hajui desturi zake.

Sasa nieleze mpango wangu, maana mpango ulikuwa mzuri, na naapa hata leo haukuwa na kosa.

Kamera ya kwanza nilifunga lenzi ya milimita 100 hadi 400. Kundi lilikuwa kama mita 200 kutoka ukingoni. Kwa sensa kubwa, yaani kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, ya upana wa milimita 36, ukiwa na 400 unaona upana wa mita 18 tu kwa umbali huo; ukirudi 100 unaona mita 72. Wageni wengi huja na lenzi ya 600 wakidhani ndege wa mbali wanataka bomba refu, kisha kundi linaponyanyuka wanabaki na ndege kumi na mbili na nusu. Kamera ya pili niliiweka juu ya tripodi na lenzi ya 24, inayomeza upana wa mita 300. Humo bata mmoja aliyekunjua mabawa, mita moja na nusu, anapata pikseli 30 hivi kati ya 6,000, yaani punje ya mchele. Lakini kundi zima linaingia, na hapo picha ni kundi. Hiyo niliiwekea saa ya ndani: ipige yenyewe picha moja kila sekunde, kwa dakika kumi, nikishabonyeza mara moja.

Kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga mbele ya sensa, ndiyo roho ya kazi hii. Kugandisha bawa la bata bukini unataka 1/1600 ya sekunde au zaidi. Mimi nilichagua 1/2000. Tundu la lenzi f/5.6, na ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, nikaiachia kamera ijipangie, kwa kuwa mwanga wa macheo hubadilika kila dakika. Ukilenga mita 200 kwa 400 na f/5.6, kinachokaa sawasawa ni kuanzia mita 165 hivi hadi 253. Hapo usiilenge mbele ya kundi, ilenge theluthi ya kwanza, la sivyo nusu ya ndege inakuwa ukungu. Mipangilio hiyo yote nikaihifadhi kwenye alama ya C1 ya gurudumu la juu. Kwenye C2 nikahifadhi ya pili: 1/15, f/16. Hiyo ni ya makusudi. Kwa 1/15 mabawa yanachoreka kama brashi ya rangi, na kabla ya jua kutoka, mwanga ukiwa haba, ndiyo picha pekee inayowezekana bila kuijaza chembechembe.

Jambo la mwisho lilikuwa upepo. Bata bukini hurukia upepo, kama ndege ya abiria. Upepo ukikupiga usoni utapiga picha za matako 50,000. Ukikupiga mgongoni watakujia uso kwa uso, na uso wao una mstari mweusi kwenye ukingo wa mdomo unaowafanya waonekane wanakucheka muda wote. Nilikuwa nahangaika na programu ya hali ya hewa kwenye simu, vidole havihisi skrini kwa baridi, mjomba akalowesha kidole, akakiinua.

"Upepo uko tezi, nyuma yetu," akasema. "Watakuja hapa hapa, juu ya vichwa vyetu."

Nikafurahi sana. Hiyo "juu ya vichwa vyetu" niliisikia lakini sikuifikiria mpaka mwisho.

Saa kumi na mbili na robo nikapiga za brashi kwa C2, makundi madogo yakipita. Saa kumi na mbili na nusu mwanga ukatosha, nikarudisha gurudumu C1. Gurudumu la kamera yangu lina kifungo katikati: usipokibonyeza, halizunguki. Nikabonyeza na kuzungusha kwa glovu nene, nikahisi "tk" chini ya kidole. Nikajua limekwenda.

Ile "tk" ilikuwa ya kifungo.

Kwa kawaida kosa la namna hii linajitangaza. Picha ingekuwa nyeupe au nyeusi, ningeshtuka. Ila ISO ilikuwa ya kujipanga, ikashuka mpaka 100, na picha kwenye kioo cha kutazamia ikawa na mwanga ule ule mzuri. Tarakimu za kasi zingenionyesha 15 badala ya 2000. Tarakimu nilizizima wiki moja kabla ili nione anga bila takataka. Na mlio? Shata ya 1/15 inasikika, kla... ka, hata kiziwi anaijua. Nilikuwa nimeweka shata ya kimya, nisiwasumbue ndege. Milango mitatu, na yote nilikuwa nimeifunga kwa mikono yangu na kwa sababu nzuri kabisa.

Jua lilitoka karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Kundi likaanza kugeuka rangi ya waridi. Dalili za kunyanyuka ni hizi: vichwa vinainuka, kelele inapanda, ndege wa pembeni wanaanza kupiga hatua majini, halafu mara nyingi kelele inakatika kwa sekunde moja, kama mtu aliyevuta pumzi. Sekunde hiyo kidole kiwe kwenye kitufe. Nikainama kwenye kamera ya kwanza.

Kikundi cha kama ndege mia mbili kikapita juu yetu kwanza, kikirudi kutoka nchi kavu.

"Mvua," akasema mjomba.

"Si mvua, mjomba."

"Imenidondokea."

"Si mvua."

Akatazama begani, kwenye koti langu la buluu. Akanusa. Kisha, bila neno, akabonyeza mwavuli. Ulikuwa wa kujifungua wenyewe, pwaa, wa maua mekundu makubwa, na watu wote waliovaa rangi ya majani makavu wakageuka kwa pamoja.

Hapo ndipo kelele ilipokatika.

Mpaka leo hatujaelewana nini kiliwaondoa. Mimi nasema mwavuli. Mjomba anasema tai. Ni kweli tai mwenye kichwa cheupe alikuwa anakata ziwa kutoka upande wa pili, na huyo ndiye mnyanyuaji wa kawaida wa kundi. Akipita hata bila njaa, wanainuka wote. Mita 200 ni mbali kwa mwavuli. Lakini nawaomba msamaha wote waliokuwa pale, maana kuwashtua ndege ni kosa: kila wakinyanyuka bure wanachoma mafuta waliyokuja kuyatafuta.

Walinyanyuka kutoka ukingo wa mbali, kama shuka inayokung'utwa. Sauti ilinifikia kifuani kabla sijaielewa. Nikapiga kwa vipande vya sekunde mbili mbili, kama inavyotakiwa, kwa sababu ukikandamiza kitufe mfululizo akiba ya kamera inajaa ndani ya sekunde chache na unabaki unatazama taa nyekundu wakati ndege bora wanapita. Nilikuwa mtulivu. Nilikuwa nafuata kila sheria. Wakatujia uso kwa uso, mstari wa kicheko ukionekana, nikabonyeza kamera ya pili ianze kuhesabu, wakapanda, wakawa juu yetu, anga ikawa nyeupe na ncha nyeusi za mabawa, nami nikaondoa jicho kwenye kamera nikatazama juu.

Nikiwa nimeachama.

Bata bukini anakula majani na mizizi, chakula hakikai tumboni, kinatoka kila baada ya dakika chache. Chukua dakika tano kurahisisha hesabu. Ndege 50,000 ni madonge 10,000 kwa dakika, na walikuwa juu yetu kwa karibu dakika moja. Sitaeleza ladha. Nitasema tu kwamba majani mabichi yalikuwamo.

Chini ya mwavuli mjomba alikuwa mkavu kama dagaa, akisikiliza madonge yakigonga kitambaa, pa, pa, papapa. "Ingia, mwanangu," akasema, akausogeza mwavuli kwangu. Yaani kuelekea tripodi ya kamera ya pili.

Kuna jambo la kufanya hapo, na watu hukosea: usifute lenzi. Bata bukini humeza changarawe za kusagia chakula, na changarawe ile ile inatoka. Ukipangusa kwa kitambaa unapiga msasa kioo. Mwagia maji safi kwanza, acha yachuruzike, halafu kitambaa. Kofia ya lenzi ilinisaidia. Ya kichwani haikuwa na ukingo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula na sugua viatu kabla ya kuingia navyo nyumbani, maana mafua ya ndege hupita njia hiyo hiyo, na bata aliyekufa usimguse. Mjomba aliposikia habari ya sabuni akaweka kitumbua chini taratibu.

Nikakimbilia gari kutazama picha. Hilo nalo lilikuwa kosa, na ninalijua vizuri kabisa. Kamera iliyokaa saa mbili kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri ukiingiza kwenye gari lenye hita inatoka jasho nje na ndani, kama chupa ya soda Tanga mwezi wa Januari. Inatakiwa ifungwe ndani ya begi huko huko nje na ikae humo saa moja au zaidi mpaka ipate joto polepole. Unachoruhusiwa kutoa ni kadi tu. Nilisubiri dakika arobaini ukungu utoke, nikiwa nimekaa juu ya magazeti.

Kisha nikaona 412. Mto wa sufi. Mto wa sufi. Mto wa sufi. Nikasogeza ukubwa, nikaona vidoa vyeusi vya duara mahali pale pale kwenye kila picha, nikafikiri angalau ndege fulani wametulia. Lilikuwa vumbi la sensa. Kwa f/5.6 halionekani, kwa f/16 kila punje inajichora.

Nikafungua kadi ya pili. Picha 4 za kwanza zina ziwa lote, kundi zima, macheo ya waridi, kila ndege punje kali ya mchele. Ya 5 ina ukingo mwekundu kuliani. Kuanzia ya 6 hadi ya 600, mwavuli. Makali yake ni ya kupigiwa mfano. Unaweza kuhesabu nyuzi za ua na madonge 43 yaliyotua, mengine yakiwa bado yanarukaruka.

Jioni mjomba akachagua ya 37 akamtumia mama yangu, ambaye ni dada yake, kwa simu, na maelezo marefu ya ndege wasio na mwenyewe. Ujumbe wa sauti ukarudi kabla hatujamaliza chai. Tuliuchezesha kwa sauti kubwa, tukitegemea mshangao.

"Nyie! Huo mwavuli si wangu, niliutafuta nyumba nzima?"