Wanaosema dawa za akili "zinamzubaisha" mgonjwa

Ndugu akiugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, haichukui muda kabla jirani hajasema: "Hayo madawa ndiyo yanamzubaisha, hebu mwacheni kidogo." Anayesema hivyo hajazusha. Haloperidol, mojawapo ya dawa za ugonjwa huo, inaweza kumkakamaza mtu shingo, kumtetemesha mikono na kumtoa udenda; mwingine hawezi hata kukaa kitini, anazunguka uani usiku kucha. Olanzapine, dawa nyingine, haikakamazi kiasi hicho, lakini hunenepesha na kumsogeza mtu karibu na kisukari.

Hata hivyo, kuna hesabu ambayo jirani haioni. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 65 yaliyolinganisha wagonjwa wa skizofrenia waliokwisha kutulia. Ndani ya mwaka mmoja, waliorudiwa na ugonjwa huku wakiendelea na dawa walikuwa asilimia 27. Kwa waliobadilishiwa vidonge visivyo na dawa, ilikuwa asilimia 64.

Tuzitazame vizuri namba hizi, maana kila upande una chake humo. Katika watu 100 walioachishwa, 36 hawakurudiwa mwaka ule. Hao ndio "fulani aliacha na yuko mzima" tunaosimuliwa kila siku. Na 27 walimeza dawa na bado wakaugua. Lakini tofauti ya watu 37 katika kila 100 ni kubwa mno, hasa ukijua kurudiwa maana yake nini: duka limefungwa, mke kaenda kwao, kijana kafungwa kamba chumbani.

Kinachowapotosha watu ni kalenda. Aliyeacha vidonge mara nyingi haugui kesho yake. Kwanza shingo inalegea, anachangamka, anataniana na watoto, na nyumba nzima inaamini jirani alisema kweli. Sauti zikirudi baada ya miezi kadhaa, hakuna anayezihusisha na vidonge, atatafutwa aliyemroga.

Dawa nazo zina mwisho wake. Hazimrudishii mtu kazi wala mchumba. Kwa sonona (ugonjwa wa huzuni ya kupindukia) isiyo kali, mazungumzo yenye mpangilio yanaweza kutosha: Zimbabwe, bibi waliofundishwa kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati za Harare walionyesha hivyo katika utafiti uliochapishwa 2016. Ila skizofrenia ni habari nyingine, na kuichanganya na huzuni ya kufiwa (kosa la wahubiri wengi) kunawagharimu wagonjwa.

Lawama yangu kubwa naielekeza kliniki. Mgonjwa akilalamika kukakamaa, mara nyingi anajibiwa "endelea na dozi", wakati dozi ingeweza kupunguzwa, dawa kubadilishwa, au kuongezwa benzhexol ya kulegeza misuli. Asiposikilizwa pale dirishani, ataamua mwenyewe akifika nyumbani, na daktari hatajua mpaka aletwe tena na polisi.