Mtoto njiti havalishwi boya shingoni

Nimetumiwa tena ile video ya mtoto njiti anayeelea kwenye beseni, boya la kupuliza limemzunguka shingoni, miguu inaning'inia majini, na hakuna aliyemshika. Imeandikwa "tiba ya maji, hukuza ubongo na misuli". Chini yake mama anauliza boya linauzwa wapi. Nimechukia, na wa kulaumiwa si huyo mama.

Tiba ya maji kwa njiti ipo kweli, na ninaitetea. Wiki za mwisho tumboni nafasi huwa finyu, mtoto hukaa amejikunja, magoti juu, mikono karibu na mdomo. Anayezaliwa kabla ya wiki 37 huukosa muda huo. Hulala ametandazika, misuli yake bado michanga kuinua hata mkono wake mwenyewe. Maji humpunguzia uzito. Akifungwa kitambaa laini, akakunjwa taratibu, akazamishwa hadi mabegani huku kichwa kimeegemea kiganja, ule mkao huurudia. Maji yawe ya nyuzi 37 hadi 38, kwa dakika chache tu, tena kwa mtoto ambaye daktari ameridhika kwamba anapumua vizuri na joto lake halishuki. Watoto wanaoogeshwa wakiwa wamefungwa hivyo hulia kidogo na hawapoi upesi kama wanaoogeshwa uchi.

Sasa tazameni boya. Linamning'iniza kwa shingo, kiungo ambacho hajaweza kukimudu. Linaacha mikono na miguu itawanyike, wakati kazi yote ilikuwa kuikusanya. Na njiti husahau kupumua! Aliyemshika huhisi mwili ukilegea viganjani mwake. Aliyesimama pembeni na simu anarekodi tu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, iliwaonya wazazi kuhusu maboya haya baada ya mtoto mmoja kufariki na mwingine kulazwa, ikasisitiza kwamba hatari ni kubwa zaidi kwa watoto waliochelewa kukua au wenye mahitaji maalumu. Hao hao ndio wanaotafutiwa wateja kwa neno "tiba". Mnaouza, mnajua mnamuuzia nani?

Haya, nakubali kwamba hata tiba yenyewe imepimwa kwa watoto wachache, na zaidi kwa mambo ya muda mfupi: usingizi, mapigo ya moyo, utulivu. Anayemwahidi mzazi kwamba maji yatamfanya mwanawe atembee mapema anasema asichokijua.

Wala maji hayapaswi kutangulia kifua cha mama. Njia ya kangaruu, yaani kumlaza mtoto kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, iliyoanza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, ina ushahidi mzito wa kuokoa maisha, na Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku.

Ninachotaka wodini ni kwamba mama asiruhusiwe kwenda nyumbani na karatasi ya dawa peke yake. Mtaalamu wa viungo amwonyeshe kumfunga, kumshika na kumsoma mtoto majini. Akibadilika rangi, akitanua vidole, akilegea ghafla au akikwepesha macho, atolewe hapo hapo, akaushwe, alazwe kifuani. Asipozinduka au pumzi ikisita, apelekwe hospitali bila kungoja.