Kwata na ushauri nasaha kwa afande mmoja

Zanzibar hakuna jela kwa jina. Kuna Chuo cha Mafunzo. Bara nako, chuo cha Jeshi la Magereza kilichoko Ukonga kinaitwa Chuo cha Urekebishaji. Majina yamekwisha tangulia. Je, askari anayeshika funguo za lango amefundwa kazi ambayo majina hayo yanaitaja?

Wapo wanaodai askari wa magereza afundishwe pia ushauri nasaha, na wana hoja nzito. Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka askari afunzwe kabla ya kuanza kazi na aendelee kufunzwa akiwa kazini: mipaka ya kutumia nguvu, huduma ya kwanza, kutambua mapema dalili za maradhi ya akili. Zinataja pia ulinzi unaotokana na kuwafahamu wafungwa, na hapa ndipo wanaouita mpango huu "kuwabembeleza wahalifu" wanapokosea. Afande anayejua kwamba fulani jana kaletewa habari ya msiba nyumbani huzuia vurugu ambayo rungu lingekuja kuituliza baadaye. Mshauri nasaha ana saa zake za kazi. Askari yupo usiku na mchana. Norway husomesha askari wake miaka miwili, kisha humkabidhi kila mmoja wafungwa wachache wa kuwafuatilia.

Lakini magereza ya Norway ni madogo, na mfungwa kwa kawaida ana chumba chake. Askari wetu anahesabu watu bwenini, anasindikiza mahabusu mahakamani, anasimamia gengi la wafungwa shambani. Saa ya kumsikiliza mtu ataitoa wapi? Usiku bwenini anayesikilizwa ni nyampara, mfungwa anayewasimamia wenzake. Na mahabusu, ambaye hajatiwa hatiani, anarekebishwa kwa kosa gani? (Swali hili ni la mahakama zaidi kuliko la magereza, ila anayeishi nalo ni askari.)

Hoja hii ya pili ni ya kweli, ila naona inageuzwa kisingizio cha kutofundisha kabisa. Mimi ningeanza na wachache: kila gereza liteue askari kadhaa, wasomeshwe ushauri nasaha kwa miezi, si kwa semina ya siku mbili yenye posho, kisha waondolewe kwenye lindo na kusindikiza. Ugumu utakuja wakati wa kupandisha vyeo, maana kazi yao haionekani kwenye paredi.