Mteja msumbufu: dalali amvumilie au ampige chini?

Kuna madalali wa nyumba wanaoamini mteja akishakusumbua mara mbili tatu unampiga chini, muda ni pesa na wateja wako wengi. Wengine wanasema hapana, mteja ni mfalme, vumilia tu, huyo huyo anayekupigia saa nne usiku ndo atakayekulipa. Nikisikiliza pande zote mbili naona zinapima kitu kile kile, yaani usumbufu, wakati usumbufu peke yake haukuambii kama kazi itafika mwisho au haitafika. Yupo mteja anayekera kutwa nzima na mwisho ananunua, na yupo mpole kabisa, kila ukisema anaitikia, ambaye anakula miezi yako yote na haendi popote.

Nianze na wanaosema aachwe, maana hoja yao ni nzito na inatokana na namna dalali anavyolipwa. Wengi hawana mshahara, wanakula kamisheni, na kamisheni inatoka dili likifungwa, likikaribia kufungwa haitoki kitu. Kabla ya hapo mafuta ni yake, bando ni lake, picha na matangazo ni yake, na Jumapili yake imeenda. Sasa mteja asiyefika mwisho gharama yake anaibeba nani? Wanaibeba wale wanaofika, kwa sababu muda uliotakiwa kumhudumia mama mwenye pesa tayari na haraka ya kuhama unaishia kwa mtu anayetembelea nyumba za watu kama matembezi. Na kibaya zaidi ukishamzungusha mtu kwa muda mrefu unaona aibu kumuacha, unajiambia nikimuacha leo kesho atanunua kwa dalali mwingine, ndo unazidi kuzama, wakati ule muda ulioenda haurudi hata ukibaki naye. Madalali wanaoanza kazi wanaumia sana hapa na hakuna anayewaambia.

Ila neno "msumbufu" anayelitoa ni dalali, na dalali naye ana maslahi yake, hapo ndo upande wa pili unapopata nguvu. Wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, mwaka 2008 walichapisha utafiti uliopitia mauzo ya nyumba karibu 100,000 maeneo ya Chicago, wakalinganisha nyumba za wateja na nyumba ambazo madalali walikuwa wanauza zikiwa mali yao wenyewe. Ukishaweka pembeni tofauti za nyumba zenyewe, za madalali zilikaa sokoni kama siku 9.5 zaidi na zikauzwa bei ya juu zaidi kwa asilimia kama 3.7. Sababu haifichiki, mwenye nyumba akisubiri akapata ofa nono zaidi ile nyongeza karibu yote inaingia kwake, dalali anaambulia asilimia chache tu, kwa hiyo kwa dalali ni bora dili lifungwe leo aende kwa mteja mwingine. Lakini nyumba ikiwa yake anasubiri! Basi yule mzee anayekataa ofa ya kwanza, ambaye ofisini wanasema ana kichwa kigumu, inawezekana kabisa anafanya kile kile ambacho dalali wake angefanya kwa nyumba yake mwenyewe. Ukimuacha kwa sababu hiyo umemuadhibu kwa kuwa na akili.

Hapo sijasema kila mwenye bei ya juu yuko sahihi. Nyumba mpya sokoni inaangaliwa sana wiki za mwanzo, wanunuzi waliokuwa wanasubiri wote wanaiona, ikishakaa sana watu wanaanza kuulizana ina kasoro gani, na hapo hata ukishusha bei wanakuja na ofa za kukandamiza. Kwa hiyo bei iliyozidi inamuumiza mwenye nyumba mwenyewe na dalali ana kila sababu ya kumwambia. Ila kabla hujamwambia jiulize ile bei aliitoa wapi, maana mara nyingi aliyemtajia ni dalali, tena anaweza kuwa ni wewe, uliipandisha ili akupe kazi wewe asimpe yule mwingine aliyesema ukweli, halafu baada ya mwezi unamgeuka unasema bosi hii bei haiwezekani. Mteja aliyejazwa matumaini namna hiyo lazima akasirike na hasira yake ni halali. Huyo huna haki ya kumuita msumbufu.

Kwa mtu wa bei mimi naangalia kitu kimoja, akiletewa ushahidi anasogea au hasogei. Mpelekee nyumba zinazofanana na yake zilizouzwa karibuni, mpelekee maneno ya waliokuja kuangalia wakaondoka, mpe muda atafakari na watu wake. Akisogea hata kidogo, baki. Akisema sina haraka, nasubiri bei yangu na gharama za matangazo nitachangia, huyo naye anaeleweka, ni uamuzi wake na mali ni yake, wewe unaangalia tu kama biashara yako inaweza kusubiri naye. Akikataa kusogea, hachangii kitu, na kila wiki anakulaumu kwa nini haijauzwa, mkataba ukifika mwisho usiuongeze. Naona hii ni bora kuliko kuuvunja katikati, maana mkataba una tarehe ya mwisho na tarehe hiyo inamaliza mambo bila ugomvi.

Kuna kundi jingine linalopigwa chini kwa makosa, nalo ni waoga. Nyumba kwa watu wengi ndo kitu cha bei kubwa kuliko vyote watakavyowahi kununua, wengine wanaingia deni la benki la miaka ishirini na zaidi, halafu unashangaa anauliza swali lile lile mara nne? Anakuja na kaka yake, kesho anakuja na mwanasheria, keshokutwa anataka kuona nyumba usiku asikie kelele za jirani. Huyo ananunua kwa kufikiri, na akinunua harudi kukulaumu, tena ndo anakuletea ndugu zake. Anachohitaji ni mipaka, mwambie tangu mwanzo simu mwisho saa mbili usiku, maswali yaandike tutayajibu pamoja kesho, na kabla hatujaenda kuona nyumba yoyote tena tukae na wewe na mwenzio tuandike vitu gani lazima viwepo na vipi tunaweza kuvisamehe. Asilimia kubwa ya usumbufu inaishia hapo kwenye hicho kikao. Akiwa hajaongea na benki, hajui atalipa na nini, na mwenza wake hajui kama wanatafuta nyumba, simamisha matembezi mpaka ajiweke sawa, hakuna haja ya kugombana naye.

Sasa kuna mambo ambayo kwangu hayana mjadala hata kamisheni iwe nono kiasi gani. Mwenye nyumba anayekwambia usiseme paa linavuja, au usitaje kwamba mpaka wa kiwanja una kesi mahakamani, anataka mshirikiane kumdanganya mnunuzi, na jina litakaloharibika ni lako. Anayekwambia usiniletee watu wa dini fulani au rangi fulani, hivyo hivyo, Marekani kwa mfano ubaguzi wa namna hiyo kwenye nyumba ulipigwa marufuku na sheria ya mwaka 1968, na hata mahali ambapo sheria iko kimya bado unashiriki kumdhalilisha mtu. Anayetaka kununua kwa pesa ambazo hataki kueleza zimetoka wapi na jina la mtu mwingine kabisa, viwango vya FATF, shirika linalosimamia vita dhidi ya utakatishaji fedha duniani, vinataka dalali wa nyumba amtambue mteja wake na akishindwa kumtambua asiendelee na hiyo biashara. Huyu ndo wa pekee ambaye humuelezi sababu ya kumuacha, unatoa taarifa panapohusika na unanyamaza, maana kumtonya mtu kwamba ameripotiwa ni kosa.

Na usalama. Mwaka 1986 dada mmoja dalali London, Suzy Lamplugh, alitoka ofisini kwenda kumuonyesha nyumba mteja aliyeandikwa kwenye diary yake kama Mr Kipper, hakuonekana tena mpaka leo. Mteja anayelazimisha mkutane peke yenu kwenye nyumba tupu, anayekutania vibaya, anayekutukana, anayekutishia, usimpe nafasi ya pili ati kwa sababu ofisi inahitaji hilo dili. Na mabosi wa ofisi wanaowaambia vijana wao wavumilie hapa wana lawama kubwa, afadhali ofisi ipoteze nyumba.

Tuseme umeshaamua kumuacha, namna ya kumuacha inaweza kuwa na madhara kuliko uamuzi wenyewe. Soma mkataba kwanza. Mikataba mingi mteja kaingia na kampuni, wewe unaifanya kazi kwa niaba yake, kwa hiyo ongea na bosi, na mara nyingi hapo inapatikana njia ya tatu ambayo haitajwi sana, anapewa dalali mwingine wa ofisi hiyo hiyo, maana wakati mwingine tatizo ni nyie wawili hamuivi tu. Marekani tangu Agosti 2024 hata mnunuzi anasaini makubaliano ya maandishi kabla madalali wengi hawajampeleka kuona nyumba, kwa hiyo huko huwezi tu kuacha kupokea simu zake ukadhani mmeachana. Na hiyo ya kutopokea simu ndo tabia mbaya kuliko zote, mtu anabaki anasubiri huku nyumba nzuri zinampita. Ukishakuwa kwenye ofa iliyokubaliwa usimuache, labda kama ni yale mambo ya uongo, pesa chafu au usalama, maana kumtelekeza mtu hapo anaweza kupoteza nyumba na malipo ya awali kwa pamoja.

Mwandikie ujumbe mfupi usio na kisasi. Kama "Mama, nimejitahidi kwa uwezo wangu ila naona mimi siye mtu sahihi wa kukufikisha unakotaka, mkataba wetu naomba tuumalize tarehe fulani, nyaraka zako zote hizi hapa, na ukitaka nakuunganisha na mwenzangu". Usimkumbushe makosa yake. Na siri zake, bei ya chini kabisa aliyokuwa tayari kupokea, talaka inayomfanya auze, deni linalomkimbiza, unabaki nazo hata baada ya mkataba kuisha, dalali anayemaliza hasira kwa kumnong'oneza mnunuzi kwamba yule ana shida ya pesa anavunja uaminifu aliolipwa autunze.

Kwa kijana mwenye mteja mmoja tu mkononi na kodi ya nyumba inamsubiri, najua haya yote ni magumu, kumwambia aachane na pekee aliyenaye ni rahisi kwa anayesema. Kwa huyo nisingesema muache kesho. Mpunguzie siku, mpe mbili kwa wiki badala ya sita, zile nne tafuta wateja wengine, na kama mteja wako ndo anauza, orodha ya watu wote uliowaleta kwenye ile nyumba iandike na umtumie mwenye nyumba, ikiwa na majina na tarehe, kabla hamjaachana. Mikataba mingi inakupa haki ya kamisheni kama mtu uliyemleta wewe atanunua ndani ya muda fulani baada ya kuondoka kwako, na bila hiyo orodha hutakuwa na cha kuonyesha.