Mhindi wa duka na Mhindi wa barua

Nimekulia Mombasa, na Mhindi niliyemjua mimi alikuwa wa dukani. Mama akinituma Mtaa wa Biashara, mzee wa pale alikunjua leso mojamoja juu ya meza, akanisomea jina la kila leso kwa Kiswahili kisafi, kisha akataja bei. Shuleni tukaambiwa Wahindi walijenga reli, wakafungua maduka. Basi.

Imebidi nije huku Massachusetts ndipo niwajue kwa kalamu zao. Chuo kikuu cha hapa Amherst kimehifadhi barua za W. E. B. Du Bois, mwandishi mweusi wa Marekani aliyetetea haki za weusi, na yeyote anazisoma kwenye intaneti bila kulipa. Usiku mmoja nimetoka zamu, nikakutana na barua aliyoandikiwa mwaka 1946 na B. R. Ambedkar, mwanasiasa na mwanasheria wa India, imepigwa taipu. Ambedkar anasema hawajawahi kuonana, ila maandishi ya Du Bois ameyasoma. Yeye ni wa wasioguswa, watu wanaobaguliwa kuwa wa chini kabisa katika matabaka ya India, na hali yao inafanana mno na ya weusi wa Marekani. Anaomba nakala mbili tatu za malalamiko ambayo weusi waliyapeleka Umoja wa Mataifa. Du Bois alimjibu tarehe 31 Julai. Niliisoma, nikairudia.

Hawakuwa wa kwanza. Lala Lajpat Rai, mpigania uhuru wa India, aliishi New York wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawa rafiki wa Du Bois. Du Bois alipoandika riwaya ya Dark Princess, alimpa Rai akague mambo ya Kihindi. Naye Rai, akiandika kitabu cha kumjibu mwandishi wa Kimarekani aliyeidhalilisha India, alimwomba Du Bois habari za mateso ya weusi. Vitabu vyote viwili vilitoka 1928.

Sisemi huku ni peponi. Lakini kwa kutunza karatasi na kumfungulia kila mtu mlango, wametushinda, na linaniuma. Maana na sisi Kenya tunaye Mhindi wetu, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliyesimama Kaloleni, Nairobi, Aprili 1950, akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata akakamatwa, akawekwa kizuizini hadi 1961. Nilimaliza kidato cha nne sijasikia jina lake.

Mdogo wangu ni mwalimu Likoni. Nilimtumia barua ya Ambedkar, akawasomea wanafunzi wake. Wakamuuliza: na wa kwetu, mwalimu, aliandika nini? Ameniomba nimtafutie barua za Makhan Singh. Wiki ya tatu hii natafuta, sijapata hata moja ya kufungua kwenye simu.