Kifungu cha 219 kipo, ila hakimfikii mpigaji

Makala tunayoijadili humu inasema Tanzania haina sheria yoyote inayomlinda mtoto aliye tumboni mama anaposhambuliwa. Ipo. Kifungu cha 219 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayemuua mtoto anayeweza kuzaliwa hai, hadi kifungo cha maisha. Shida ni masharti yake. Lazima ithibitishwe kuwa mshtakiwa alikusudia kumuua mtoto huyo, na mimba ikifikisha wiki 28 ndipo sheria inamchukulia kuwa angeweza kuzaliwa hai. Sasa mume anampiga mateke mkewe mwenye mimba ya miezi mitano, mimba inatoka. Atasema alikuwa na hasira tu, hakumlenga mtoto. Atashtakiwa kwa kumjeruhi mama, basi.

New South Wales, Australia, walibishana miaka mingi hadi 2021 wakapitisha kitu cha maana: kuanzia wiki 20, adhabu ya juu ya kumjeruhi mama vibaya inaongezwa miaka 3 zaidi mimba ikipotea. Na mama mwenyewe hashtakiwi kwa sheria hiyo.

Hilo la mwisho ndilo ninalohofia tutalisahau, maana wengi humu mnashangilia mfano wa Marekani. Sheria yao ya shirikisho ya 2004, inayomhesabu mtoto aliye tumboni kuwa mwathirika wa pili, inamkinga mama asishtakiwe, sawa, lakini katika majimbo ya Alabama na South Carolina wajawazito waliotumia dawa za kulevya wamefungwa kwa sheria zilizotungwa kulinda watoto. Tukiiga, kinga ya mama na ya daktari anayemtibu iandikwe kabla hatujaanza kubishania wiki.